Slaidi ya Sitini na Mbili

Zdenka alileta picha sitini na moja ndani ya kopo la biskuti,
nyingine pembe zimekunjika, moja ina duara la kikombe cha kahawa.
Mimi ndiye mtunza ukumbi wa wazima moto hapa Idrija:
nafungua mlango, nawasha hita, nahesabu viti,
na projekta ikikohoa, mimi ndiye wa kuipigapiga mgongoni.
Nilizipanga. Baba yake, Bogomir, fundi saa,
alianza kwa kulia ndani ya karai la bati
akaishia juu ya ukuta wa mto, baiskeli imemwegemea
kama mbwa aliyechoka.

Tulimla ng'ombe mzima jioni ile. Mkia ukatushinda.

Maana baada ya baiskeli skrini ilizama gizani
na juu kabisa, kwa herufi ndogo nyeupe, kompyuta ikatamka:
Mwisho wa maonyesho. Bofya ili utoke.
Zdenka aliyasoma kwa sauti, kama asomaye barua ya benki.
"Nani atoke?" akaniuliza. "Aende wapi?"

Niliingia kwenye mipangilio. Kuna kisanduku hapo,
ukikifutia alama ya vema, lile giza haliji.
Nikafuta. Tukajaribu.
Mto, ukuta, baiskeli,
halafu ghafla kompyuta yangu ikajianika mbele ya viti vitupu:
bili ya umeme, ratiba ya mazoezi ya tarumbeta,
pipa la taka limejaa.
Hakusema neno. Alifunga kifungo cha koti.

Basi tuizungushe, nikamwambia.
Ikifika mwisho irudi mwanzo yenyewe, mpaka mtu aizuie.
Shangazi Ivanka, aliyekuja kupima meza za mikate ya jozi,
alipiga makofi: "Hivyo! Kama kibwagizo!"
Tukatazama. Mzee ukutani, mara kichanga karaini.
Mzee, kichanga.
Mkewe, ambaye kwenye picha ya arobaini ni kiti tu na shali,
anarudi kwenye ya kumi na tisa
na gauni lake la vitone, anacheka, ana cheri mdomoni.
Mzunguko wa tatu Zdenka akasema, "Simamisha.
Hivi atakuwa anampoteza mama kila baada ya dakika tisa."

Tukakubaliana: slaidi moja ya ziada, ya sitini na mbili,
nyeusi tupu, isiyo na neno,
na maonyesho yakwame hapo.
Niliiongeza usiku, nikiwa na usingizi.
Kuipaka weusi nikasahau.

Jumamosi watu walijaa hadi kwenye ngazi.
Rimoti alikuwa nayo Zdenka, mstari wa mbele.
Karai. Shule. Jeshi. Cheri. Shali.
Ukuta wa mto ulikaa muda mrefu sana, mtu akapiga chafya,
akabonyeza,
na ukumbi wote ukapigwa na mwanga.

Nyeupe. Nyeupe ya shuka jipya.
Niliona visogo, niliona vumbi likielea,
niliona kuwa Anton wa duka la mbao alikuwa akilia, na sasa kila mtu anajua.
Nikaruka kuelekea kwenye kibodi.
Zdenka aliinua kiganja bila kugeuka. Acha.

Basi wakala chini ya mwanga huo. Hakuna aliyewasha taa.
Kila aliyefuata mkate alipita mbele ya projekta,
kivuli chake kikapanda skrini, kikubwa, kikashuka.
Watoto waligundua mapema: sungura, mbwa, bata.
Mmoja wao alijaribu baiskeli. Haikufanana na chochote.

Sasa ni saa tano usiku. Viti nimevipanga.
Feni ya projekta inapumua, skrini bado nyeupe,
na kivuli kilichobaki ni changu, kimeshika ufagio.
Rimoti Zdenka ameondoka nayo mfukoni mwa koti.
Kwa kusahau, nadhani.
Nitaifuata kesho. Au Jumanne.